Gari Kuibiwa Bila ya Kioo Kuvunjwa: Udhaifu wa Funguo za Mfukoni

Wananchi wenye gari, na hasa watumishi wa Serikali waliokabidhiwa gari za Idara zao, wanafahamishwa kwamba gari ya kisasa inaweza kufunguliwa, kuwashwa na kuondoshwa pale ilipoegeshwa bila ya kioo kuvunjwa wala kitasa kuguswa kwa bisibisi, na huku funguo zake zote zimo ndani ya nyumba ya mwenyewe. Wataalamu walilithibitisha jambo hili kwa majaribio yaliyochapishwa mwaka 2011, na polisi wa nchi za Ulaya wamekuwa wakilishughulikia kwa miaka mingi. Makala haya yanaeleza namna linavyotendeka na hadhari zinazofaa kuchukuliwa. Aidha, yanawahusu maofisa wanaopokea taarifa za gari zilizopotea, kwani dereva asiyekuwa na kioo kilichovunjwa cha kuonyesha huwa mtu wa mwanzo kutiliwa shaka, na mara nyengine shaka hiyo haina msingi.

Kwanza inafaa kutofautisha baina ya funguo, kwa kuwa watu wengi huziita zote rimoti. Ufunguo wa kawaida wa chuma, katika gari nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1990, umefichwa chipu ndogo isiyo na betri ndani ya kichwa chake cha plastiki. Ufunguo unapoingizwa, kompyuta ya gari huiuliza chipu namba ya siri, na isipojibiwa sawasawa injini haiwaki. Rimoti ya kubonyeza ni kitu chengine: hiyo hupeleka amri ya kufunga au kufungua milango kwa mawimbi ya redio, na kwa kawaida haiwashi injini. Aina ya tatu ni ufunguo wa mfukoni. Huu haubonyezwi. Mwenyewe hukaa nao mfukoni au mkobani. Akigusa mkono wa mlango gari hufunguka, na akikaa akabonyeza kitufe injini huwaka. Katika gari zilizotumika zinazoletwa Visiwani kutoka Japani, za aina hii zimekuwa jambo la kawaida.

Chipu ya kuzuia injini si kitu cha kudharauliwa. Uingereza iliifanya sharti kwa gari mpya mwaka 1998, na ule wizi wa kuunganisha nyaya chini ya usukani ukapungua sana. Thamani yake imeonekana zaidi pale ilipokosekana. Nchini Marekani gari nyingi za Kia na Hyundai zenye ufunguo wa chuma ziliuzwa kwa miaka bila ya kinga hiyo, na vijana walipofundishana kwa video namna ya kuziwasha, wizi ulipanda hata kampuni hizo zikatangaza mwaka 2023 marekebisho ya programu kwa gari milioni 8.3. Kwa hivyo mwenye ufunguo wa chuma mtupu asijione yu salama kuliko jirani yake mwenye kitufe. Udhaifu wao ni mbali mbali tu.

Ama rimoti za kubonyeza, zile za mwanzo zilikuwa zikipeleka namba moja ile ile kila siku, na aliyeinasa kwa redio aliweza kuirudia atakapo. Dawa iliyopatikana ni namba inayobadilika: kila kitufe kinapobonyezwa rimoti hutoa namba mpya, na gari huikataa iliyokwisha kutumika. Ni dawa nzuri, lakini ina upenyo. Gari hulazimika kuzikubali namba kadhaa za mbele, kwani watoto huichezea rimoti nyumbani ikiwa mbali na gari na namba zikaruka. Mwaka 2015 mtaalamu wa Marekani, Samy Kamkar, alionyesha katika mkutano wa Las Vegas kifaa cha gharama ya dola 32 hivi kinachoutumia upenyo huo. Kifaa huvuruga mawimbi ili gari isisikie, na wakati huo huo huinasa namba iliyotolewa. Mwenye gari huona mlango haukufunguka, akabonyeza tena. Kifaa huinasa namba ya pili, kisha huipelekea gari ile ya kwanza. Mlango unafunguka, mwenyewe anaendelea na safari yake akidhani betri ya rimoti imechoka, na mwizi anabaki na namba ya pili ambayo haijatumika bado.

Mwaka uliofuata, watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham na wenzao wa Ujerumani walichapisha jambo la ajabu zaidi. Rimoti za gari nyingi za kundi la Volkswagen, zilizouzwa tangu mwaka 1995, zilikuwa zikitegemea siri kuu chache zilizotumika kwa mamilioni ya gari. Aliyezichimbua siri hizo aliweza, kwa kunasa mbonyezo mmoja tu wa rimoti ya mtu, kuiga rimoti hiyo na kufungua milango. Watafiti walikadiria kwamba gari zinazokaribia milioni 100 zilihusika. Ni sawa na seremala aliyeuza milango kwa mtaa mzima, yote ikifunguliwa kwa ufunguo mmoja, akabadilisha rangi tu.

Hata hivyo, njia nyepesi kuliko zote haihitaji kuchimbua siri yoyote. Mtu hukaa katika maegesho na kifaa cha kuvuruga mawimbi. Mwenye gari hubonyeza kufunga huku anakwenda zake, hageuki nyuma, na gari inabaki wazi. Wizi wa namna hii umekuwa kero kwa muda mrefu Afrika Kusini, hasa katika maegesho ya maduka makubwa, na kinachochukuliwa ni kompyuta, mikoba na fedha zilizomo zaidi kuliko gari yenyewe. Anayeegesha Darajani au nje ya ofisi yake asiondoke kabla ya kuona taa zimemeta na kuuvuta mlango kwa mkono. Hadhari hii haina gharama, na kwa mtumishi anayechukua majalada ya Serikali ndani ya gari si jambo la hiari.

Sasa kuhusu ufunguo wa mfukoni, ambao ndio kiini cha makala haya. Gari na ufunguo huo husemezana kwa sauti mbili. Sauti ya kwanza hutoka katika gari: ni mawimbi ya masafa ya chini, kiasi cha kilohezi 125 hadi 135, ambayo hayafiki mbali, mita moja au mbili tu. Ufunguo ukiyasikia huamka na kujibu kwa sauti ya pili, ya masafa ya juu zaidi, ambayo huweza kufika makumi ya mita. Jibu huwa limefumbwa kwa hesabu ambayo gari na ufunguo wake peke yao ndio waijuao. Waliobuni mpango huu walijenga hoja yao hivi: kwa kuwa mwito wa gari haufiki mbali, basi ufunguo unaojibu lazima uko karibu, na kwa kuwa ufunguo uko karibu, mwenyewe yupo.

Hoja hiyo ndiyo yenye kasoro. Chukuliwe mfano wa mlinzi wa lango aliyeagizwa asimfungulie mtu ila yule ajuaye jibu la fumbo lake, na fumbo hubadilika kila siku. Anakuja kijana asiyejua jibu. Analisikiliza fumbo, analipeleka kwa mwenzake aliyesimama dirishani kwa mwenye nyumba. Mwenzake analitamka kama lilivyo. Mwenye nyumba, naye yumo usingizini, analijibu kwa mazoea. Jibu linarudishwa langoni neno kwa neno. Mlinzi hana sababu ya kukataa. Jibu ni sahihi, tena limetoka kwa mwenyewe hasa. Hakuna aliyelifumbua fumbo, na hata lingekuwa gumu mara elfu lisingesaidia kitu.

Ndivyo inavyokuwa kwa gari. Mtu mmoja husimama karibu na mlango wa gari akiwa na kifaa cha kupokea mwito wake. Wa pili hupita ukutani mwa nyumba akiwa na kifaa chengine, akitafuta mahali ambapo ufunguo umewekwa. Vifaa hupokezana mawimbi, na gari hudhani ufunguo uko mlangoni. Watafiti watatu wa chuo cha ETH cha Zurich, nchini Uswisi, Aurélien Francillon, Boris Danev na Srdjan Capkun, waliijaribu njia hii kwa aina 10 za gari kutoka kwa watengenezaji 8. Zote kumi zilikubali. Ufunguo uliweza kuamshwa ukiwa umbali wa mita kadhaa kutoka kwenye kifaa, kwa hivyo mlango wa nyumba uliofungwa si kinga. Mwaka 2017 polisi wa West Midlands, Uingereza, walitoa kwa wananchi picha za kamera ya ulinzi zilizoonyesha watu wawili, kila mmoja na kisanduku chake, wakiiondoa Mercedes mbele ya nyumba ya mwenyewe katika muda wa dakika moja hivi. Hakikuvunjwa kitu.

Huulizwa mara nyingi: ufunguo ukishaachwa nyuma, mbona gari haizimiki? Haizimiki kwa makusudi. Watengenezaji waliona, na walikuwa na haki, kwamba injini ikizimika katikati ya njia kwa sababu betri ya ufunguo imekwisha ni hatari kwa maisha ya watu. Gari hutoa onyo tu na kuendelea mpaka izimwe au mafuta yamalizike. Mwizi anahitaji kuiwasha mara moja.

Dawa ya kweli ni kupima muda. Mawimbi ya redio husafiri kiasi cha sentimita 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Gari ikiupima kwa usahihi muda wa mwito kwenda na jibu kurudi, itajua ufunguo uko umbali gani, na hapana mwizi awezaye kuyafanya mawimbi yaende kasi kuliko nuru. Funguo za namna hii zilianza kuonekana katika baadhi ya gari mpya za Ulaya tangu kiasi cha mwaka 2018. Watengenezaji wengine wametia ndani ya ufunguo kihisi cha mwendo, ili ufunguo uliowekwa mezani ulale baada ya dakika chache na usiitikie mwito wowote. Chama cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, ambacho kimejaribu mamia ya aina za gari, kimekuta hata hivyo kwamba nyingi kati yake hufunguka kwa njia ya kupokezana mawimbi. Kwa Visiwani jambo hili lina uzito wa pekee. Gari iliyotumika inayoshushwa bandarini huwa imetengenezwa miaka mingi nyuma, na ufunguo wake haupati dawa iliyobuniwa baadaye. Udhaifu utakaokwisha viwandani utaendelea kuwamo katika barabara za Unguja na Pemba kwa muda mrefu.

Si kila wizi wa gari za kitufe unaupitia ufunguo. Mwaka 2023 ilichapishwa taarifa juu ya Toyota RAV4 ya mtafiti mmoja wa usalama wa gari, mkaazi wa London, iliyoibiwa mwaka 2022. Wezi wa aina hiyo hufika kwenye nyaya za taa ya mbele, wakaunganisha kifaa chao na waya ambao kompyuta za gari huzungumzia, na kuiambia gari kwamba ufunguo sahihi umekwisha kutambuliwa. Kifaa chenyewe huuzwa kimefichwa ndani ya spika ndogo ya muziki. Kabla ya gari yake kuchukuliwa mwenyewe aliwahi kukuta bampa limevutwa na waya wa taa umechomolewa, akadhani ni uhuni wa wapita njia. Anayekuta hali kama hiyo asiishie kulirudisha bampa. Apige ripoti na aihamishe gari.

Kuna pia tundu lililo chini ya usukani ambalo mafundi huunganishia mashine ya kuchunguzia gari. Kwa mashine hiyo hiyo, katika gari nyingi, ufunguo mpya unaweza kuandikishwa kwa dakika chache. Fundi mwaminifu huitumia kumsaidia aliyepoteza ufunguo. Asiye mwaminifu anaweza kujiandikishia wa tatu, akaungoja mwezi mzima. Biashara ya vifaa hivi imeshaingiliwa na wahalifu waliojipanga: Oktoba 2022 polisi wa Ufaransa, Hispania na Latvia, kwa kushirikiana na Europol, waliwatia nguvuni watu 31, wakiwamo waliotengeneza na waliouza programu iliyotangazwa kama chombo cha mafundi huku kazi yake ikiwa ni kuwasha gari bila ya ufunguo. Februari 2025 Serikali ya Uingereza iliwasilisha Bungeni muswada wenye kifungu cha adhabu ya kifungo cha hadi miaka mitano kwa wenye kumiliki vifaa vya kielektroniki kwa ajili ya kuibia gari.

Kuhusu hadhari za nyumbani, iliyo rahisi na yenye nguvu ni chuma. Mawimbi hayapenyi vyema katika kopo la bati lililofungwa pande zote, kama lile la biskuti lenye kifuniko kinachobana. Mwenye gari autie ufunguo wake koponi, alifunike, kisha aende nalo mpaka kwenye mlango wa gari na kujaribu kuufungua. Mlango ukikataa, kopo linafaa. Ukifunguka, litafutwe jengine. Jaribio hili lifanywe pia kwa vile vifuko vinavyouzwa kwa kazi hiyo, kwani kitambaa chake cha ndani huchakaa kwa kukunjwa na kifuko kikabaki pambo. Ufunguo wa akiba nao utiwe, maana ndio unaosahauliwa droo ya karibu na mlango. Gari nyengine huruhusu huduma ya mfukoni kuzimwa kabisa, mwenyewe akabaki na kitufe cha kubonyeza. Maelezo yamo katika kitabu cha gari, na fundi anaweza kuonyesha. Chuma cha kufungia usukani, ambacho wengi wamekitupa wakikiona cha kizamani, hakidanganywi na mawimbi ya aina yoyote. Swichi ya siri ya kukata umeme wa pampu ya mafuta nayo ni kinga nzuri iwapo imefungwa na fundi anayeaminika, na mahali ilipo pajulikane na wachache.

Baadhi ya gari mpya hutaka dereva aandike namba ya siri kabla ya kuondoka. Tesla iliingiza utaratibu huo mwaka 2018, mwaka ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba ufunguo wa Model S uliweza kunakiliwa kwa sekunde chache. Penye nafasi hiyo, itumike.

Mnunuzi wa gari iliyotumika ana jambo la kulitazama zaidi. Gari nyingi huja na ufunguo mmoja tu, na hapana ajuaye wa pili uko wapi. Kabla ya kumaliza malipo, mnunuzi amtake fundi aisome kompyuta ya gari, aone funguo ngapi zimeandikishwa, azifute zote na kuandikisha zile zilizopo mkononi peke yake. Kazi hii ina gharama, lakini ni sehemu ya bei ya gari kama yalivyo matairi. Namba ya chesisi nayo ilinganishwe na hati, kwani gari zilizoibiwa mbali hufika Afrika Mashariki: zimewahi kufuatiliwa kutoka Uingereza kwa njia ya bandari ya Mombasa mpaka Uganda, na aliyekutwa nayo, hata akiwa ameinunua kwa nia njema, huipoteza pamoja na fedha zake.

Katika ofisi za Serikali zipo desturi mbili za kuangaliwa. Ya kwanza ni ubao wa misumari wa kutundikia funguo, ambao mara nyingi huwekwa chumba cha mlinzi, na chumba cha mlinzi ndicho kilicho karibu zaidi na gari. Ufunguo wa mfukoni uliotundikwa hapo hujibu mwito usiku kucha. Ubao huo utumike kwa funguo za chuma. Funguo za mfukoni zifungiwe katika kasha la bati na zitiwe saini daftarini zinapotoka na zinaporudi. Ya pili ni kuipeleka gari kwa fundi na funguo zote mbili bila ya kuandika nani alizipokea. Upelekwe mmoja, jina la aliyeupokea liandikwe, na gari inaporudi idadi ya funguo zilizoandikishwa isomwe.

Inabaki hali ya dereva ambaye gari imeondoka mikononi mwake. Hajavunjiwa kioo, funguo zote mbili anazo, na anasema alilala. Kwa ujuzi wa zamani maelezo kama hayo yalikuwa karibu na kukiri. Kwa ujuzi wa sasa yanalingana kabisa na wizi wa kupokezana mawimbi, kama yanavyoweza pia kulingana na uwongo, na kutokuvunjwa kwa kitu hakuamui lolote kati ya hayo mawili. Ofisa anayeandika maelezo aulize kwanza gari ni ya ufunguo wa aina gani, ufunguo ulilala chumba gani na umbali gani kutoka gari ilipokuwa, gari ilifika kwa fundi lini mara ya mwisho na kwa fundi yupi, na iwapo taa au bampa liliwahi kukutwa limeguswa. Kamera za nyumba na maduka ya jirani zitazamwe mapema, kwani nyingi huzifuta picha zake zenyewe baada ya siku chache. Funguo zote zichukuliwe siku hiyo hiyo, zitiwe katika bahasha mbali mbali zenye tarehe na saini, na zisibonyezwe na mtu yeyote, kwa sababu baadhi yake huhifadhi kumbukumbu ya mara ya mwisho zilipotumika. Gari ikipatikana, isiwashwe kabla kompyuta yake haijasomwa.